Nusu siku ya kuvua trauti wa vijito Rangeley, Maine, Marekani: uzoefu wangu

Nimekulia Kigoma nikivua migebuka na baba, kwa hiyo sikuona sababu ya kumlipa mtu dola 350 anifundishe kuvua. Mke wangu ndiye aliyeng'ang'ania, na namshukuru.

Tulienda Julai, mimi na mwanangu wa miaka 14, kuwatafuta trauti wa vijito, samaki wa maji baridi. Yeye hakuhitaji leseni kwa kuwa hajatimiza 16. Yangu niliinunua mtandaoni. Waongozaji wa Maine nao hupewa leseni na jimbo, tangu 1897, na wa kwanza kabisa kuipata alikuwa mwanamke, Cornelia Crosby.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa kijitoni. Kabla ya yote mzee aliyekuwa mwongozaji wetu alitumbukiza kipimajoto: nyuzi 14. Akaridhika. Chambo chetu kilikuwa nzi wa bandia, manyoya yaliyofungwa kwenye kindoano kidogo ambacho mwiba wake wa nyuma ameubana kwa koleo ili samaki asichanike.

Mwanangu ndiye aliyetangulia kupata. "Lowesha mikono kwanza," mzee akamwambia, maana mkono mkavu humwondolea samaki ute unaomkinga. Samaki mwenyewe alikuwa mdogo, hazidi shibiri moja, lakini jamani! Mgongoni michoro ya kijani iliyopindapinda kama njia za wadudu chini ya gome la mti, ubavuni vitone vyekundu vilivyozungushiwa buluu, na mapezi ya tumboni yana ukingo mweupe kama uliopigwa chaki. Tulimrudisha majini.

Saa nne na nusu kipimajoto kikasoma nyuzi 20, mzee akatuambia tukunje mishipi. Nilikasirika, kwani bado tulikuwa na saa nzima tuliyoilipia. Akanieleza taratibu: maji yakipata joto hewa hupungua ndani yake, na samaki aliyechoka kwa kuvutwa anaweza kufa hata ukimwachia. Saa ile akaitumia kumfundisha kijana kurusha mshipi pale nyasini, mpaka mkono ukalainika.

Kero ilikuwa moja tu: suruali ya mpira niliyoikodi dukani ilikuwa na tundu gotini, na maji yale hayana huruma. Ijaribuni kwanza, au nunueni yenu.

Tumeshaweka nafasi ya Septemba, kabla msimu wa mitoni haujafungwa. Mzee anasema wakati huo madume huwa na tumbo jekundu kama kaa la moto, na mwanangu anahesabu siku.