Kibali cha biashara ya nyumbani: huduma nzuri, fomu yenye mtego

Kwa fundi cherehani, mwalimu wa masomo ya ziada au mhasibu, kibali hiki, yaani ruhusa ya kutumia sehemu ya nyumba unayoishi kwa biashara, kinastahili usumbufu wake. Kwa gereji au useremala wa mashine, usipoteze ada: kelele, vumbi na harufu vikivuka mpaka wa kiwanja, ombi hukwama.

Sehemu ngumu ni mchoro wa sakafu. Kanuni nyingi huruhusu biashara kuchukua sehemu ndogo tu ya nyumba, mara nyingi robo. Nyumba ya mita za mraba 100 ina nafasi ya 25. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni 20, kinapita. Ongeza stoo ya mita 2 kwa 3, unafika 26 na umezidi. Wengi husahau kuhesabu stoo, na hapo ndipo ombi linaporudishwa. Pima kwa futi kamba, andika vipimo juu ya mchoro wenyewe.

Eleza wateja kwa idadi: wangapi kwa siku, saa ngapi, wanaegesha wapi. Kuandika “wachache” humlazimu ofisa kuuliza tena. Mpangaji aambatishe ridhaa ya mwenye nyumba.

Kasoro kubwa ya huduma yenyewe: fomu haisemi wazi kwamba kibali hiki ni cha matumizi ya jengo, si leseni ya biashara. Chakula nacho huhitaji ukaguzi wa afya. Anza na kibali cha jengo, maana leseni bila hicho haikukingi dhidi ya kufungiwa jirani akilalamika.