DoITPoMS: nilivyoitumia Mwanza kujiandaa na uzamili wa materiali

Shahada yangu ya kwanza ni ya uhandisi mitambo. Huko chuma tulikisoma kwa majedwali: kinabeba kiasi gani, kinakatika lini. Kwa nini kinakatika, tulipita mbio. Nilipoamua kuomba uzamili wa sayansi ya materiali, yaani elimu ya vitu kama metali na plastiki na muundo wao wa ndani, pengo hilo ndilo lililonitia wasiwasi, na mwalimu wa jioni wa somo hili hapa mjini sikumpata. Nikaishia kwenye DoITPoMS, masomo ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Ni bure kabisa.

Somo lililonikuna zaidi ni la disilokesheni, yaani kasoro katika mpangilio wa atomi. Wanatandaza mapovu madogo ya sabuni juu ya maji, yamebanana safu kwa safu, kila povu likisimama badala ya atomi moja. Yakisukumwa, kasoro inateleza, na safu inahama kidogo kidogo badala ya kuhama yote kwa mkupuo. Sasa naelewa kwa nini fundi wa Nyakato akikunja waya huku na huku, unakuwa mgumu kwanza, ndipo unakatika: disilokesheni zinazaliana hadi zinazibiana njia.

Kuna pia maktaba ya mamia ya picha za hadubini, na hapo usiku wangu mwingi umeishia. Chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.8, kikipozwa polepole kupita nyuzi 727 za Selsiasi, kinajigawa tabaka nyembamba za feraiti (chuma laini kisicho na kaboni nyingi) na sementaiti (mchanganyiko mgumu wa chuma na kaboni), zinazoonekana pichani kama mistari ya kidole gumba. Ukishaiona picha, ule mchoro wa fezi wa chuma na kaboni, unaoonyesha chuma kinakuwa na muundo gani kwa kila joto na kiasi cha kaboni, unaacha kuwa wa kukariri.

Somo la kutu ni gumu. Linaingia kwenye grafu za logarithimu mapema, na kama hesabu zimelala utaziamsha kwa shida. Nililivumilia kwa sababu ya boti za chuma tunazoziona Igogo; maji ya ziwa hayana chumvi ya Dar, lakini kutu ipo.

Mjue tu kwamba masomo haya yalilenga zaidi shahada ya kwanza. Yanaziba mapengo, lakini thamodinamiki (elimu ya joto na nishati) ya uzamili itakudai kitabu kizito, na maabara hakuna. Yote ni kwa Kiingereza. Video zinakula bando, kwa hiyo tafuta Wi-Fi. Anza na disilokesheni, kisha michoro ya fezi, na maswali ya mwisho wa kila somo usiyaruke.