Rangi nzuri, skrubu ya aibu: chambo cha mbao nilichonunulia maski

Naandika hii hasira ikiwa haijatulia, kwa hiyo mwenye kupenda maneno laini apite. Kuna duka la vifaa vya uvuvi kule kaskazini mwa Wisconsin, jina silitaji, limeniuzia chambo bandia cha mbao kwa dola 60 na ushee. Skrubu inayoshika ndoana imechomoka samaki akiwa na ndoana mdomoni. Samaki kaenda nayo. Mimi nimebaki na kipande cha mti chenye tundu tumboni.

Kwa ambao hamjamsikia, maski ni samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini, jina lake kamili muskellunge. Ni mrefu, meno mtihani, na anakufuata mpaka ubavuni mwa boti, anakutazama, kisha anaondoka zake. Wenyewe wanasema ni samaki wa kurusha mara elfu kumi. Wisconsin wamemtangaza kuwa samaki wa jimbo tangu 1955, na mjini Hayward kuna sanamu yake ya zaidi ya mita 40, unapanda kwa ndani mpaka unatokea mdomoni. Kwa hiyo mkiona mtu mzima anachukua hela ya maana kununua vidude vya kumbembeleza samaki, msimcheke. Mimi mtoto wa Mwanza, sangara nimekua nikiona anategwa kwa migonzo, zile kamba ndefu za ndoana nyingi, yenye visamaki vya furu hai, habari za rangi ya chambo nani alikuwa nazo? Huku ni rangi, rangi, rangi. Aliyenitia kwenye huu ugonjwa ni shemeji yangu, na Mungu anamuona.

Tunakopenda kwenda ni Chippewa Flowage. Si ziwa la asili, ni bwawa: mto ulizibwa mwaka 1923, maji yakafunika ardhi ya Waojibwe wa Lac Courte Oreilles, wenyeji wa asili wa huko, kijiji na makaburi yakiwemo. Watu wa huko hawajasahau, nami nikirusha mshipi juu ya vile visiki huwa nawaza hayo, ila hiyo ni habari ya siku nyingine. Kwa wavuvi pale ni mahali pa kiburi. Mvuvi mmoja, Louis Spray, alisema alimtoa humo maski wa ratili 69 na aunsi 11 mwaka 1949, na hadi leo kuna watu wanabishana kama ni kweli hadi wanakosana.

Sasa maji yake. Pande zote ni vinamasi, na mboji nyingine inameguka na kuelea ikiwa kisiwa kizima chenye miti juu, watu wanakusanya maboti kukisukuma kisiwazibie njia. Majani, magome na mizizi hiyo yote inatoa tanini, na maji yanakuwa chai ya mkandaa iliyokaa jikoni asubuhi nzima. Tumbukiza mkono hadi kiwiko, vidole vinageuka rangi ya kutu. Si matope hayo, maana matope hutulia chini. Hii ni rangi ya maji yenyewe, haitulii.

Hapo ndipo rangi ya chambo inapoanza kuwa na maana. Maji ya namna hii yanameza mwanga wa buluu kabla ya mwingine wote. Unaoshuka chini zaidi ni wa upande wa njano, chungwa na wekundu wa kahawia. Kwa hiyo kile chambo cha buluu na fedha kinachomeremeta dukani chini ya taa nyeupe, ukikizamisha mita moja na nusu kinakuwa kijivu kilichofubaa. Fedha haina kosa, inaakisi mwanga unaoipata, na mwanga wenyewe huko chini ni wa kahawia. Shaba na dhahabu zinauchukua huohuo wa kahawia na kuurudisha ukiwa na uhai. Chungwa linaonekana. Ile rangi wanayoiita firetiger, mgongo wa kijani, ubavu wa manjano makali, tumbo la chungwa na milia myeusi, inaonekana. Nyeusi nayo inaonekana, ingawa watu hawaamini: samaki akiwa chini anatazama juu angani, na kitu cheusi kinakata kivuli safi.

Haya yote nilimweleza muuzaji. Nilimwambia wazi, kaka, naenda kwenye maji ya chai. Akanipeleka moja kwa moja kwenye ukuta wa buluu na fedha. "Hizi ndizo zinatoka sana wiki hii." Zinatoka dukani au zinatoa samaki? Hakujibu. Nikasema sitaki. Akanyanyua mabega: "Chukua unachotaka, samaki hasomi vitabu."

Nikachagua mwenyewe: mgongo mweusi, ubavu wa shaba, tumbo la chungwa, kimechongwa kwa mkono kutoka mbao ya mwerezi. Kizuri, sitasema uongo. Nikauliza swali moja tu ambalo mvuvi yeyote wa maski lazima aulize: ndani kuna waya unaopita kutoka puani hadi mkiani, au ndoana zimeshikiliwa na skrubu tu? Maana tofauti ni kubwa. Waya ukipita mwili mzima, hata mbao ikipasuka vipande viwili samaki bado ni wako. Skrubu peke yake kwenye mbao laini inategemea mbao hiyo ibaki kavu, na chambo hakiendi ziwani kubaki kikavu.

Akasema, bila hata kukishika mkononi: "Hizi zote zina waya."

Zote. Lishikeni hilo neno.

Jioni ile mawingu yalikuwa yamefunga, upepo kidogo, hali ambayo shemeji huwa anaita ya maski kula. Tulianza na vingine. Nilirusha chambo cha mpira, kile kizito chenye mkia unaocheza. Nakipenda kwa mwendo wake lakini ni hasara tupu, maana meno ya samaki mmoja tu yanakinyofoa, na ukikisahau kwenye sanduku pamoja na vya plastiki ngumu vinayeyushana vinagandana, unapata uji wa rangi saba. Shemeji alikuwa na cha visahani viwili vya fedha vinavyozunguka majini na nyuzi nyeupe za kumetameta. Hizo nyuzi ni nyepesi, zinapepea vizuri, ila zinajisokota kwenye ndoana kila baada ya muda unakaa kuzichambua huku samaki wanapita. Manyoya ya mkia wa kulungu yana nidhamu zaidi. Hatukuona kitu, hata kivuli.

Nikafunga cha mbao. Nasema ukweli wangu hata kama unaniuma: ndani ya muda mfupi tukawa na samaki nyuma yake. Akaja, akazama. Akaja mwingine, au huyohuyo, nani ajuaye. Mwendo wake ulikuwa wa kukata kushoto kulia, na kila kilipogeuka lile tumbo la chungwa likawaka kwenye maji yale ya kahawia ukaliona kutoka mbali. Shemeji akanyamaza. Shemeji huwa hanyamazi.

Chambo kikifika ubavuni mwa boti hukitoi majini. Unashusha ncha ya fimbo ndani na kuchora namba nane, kona pana, taratibu, kwa sababu maski wengi wanaamua hapo hapo miguuni pako. Kwenye kona ya pili mdomo mweupe ukafunguka na kufunga. Hakukuwa na haja ya kuvuta, alijipiga mwenyewe. Rili ikalia. Breki nilikuwa nimeiweka inavyotakiwa, mshipi wa ratili 80, waya wa mbele mzima, hakuna kitu hata kimoja upande wangu kilichoachia. Akaenda chini ya boti, akarudi, akapanda juu akatikisa kichwa mara moja, nikauona ubavu wake wote.

Kisha fimbo ikanyooka.

"Shem, kamekata?"

Hakajakata! Chambo kikaelea juu, taratibu kabisa, na ndoana ya tumbo haipo. Tundu tupu. Pembeni ya tundu vanishi imepasuka na mbao ndani imeloa, imevimba, laini kwa ukucha. Kile kitu hakikuwa kimemaliza hata jioni moja majini.

Kinachoniuma zaidi ya hela ni yule samaki. Watu wa maski hawali maski, wanampima, picha ya haraka, anarudi. Huku Minnesota ninakoishi sheria yenyewe inataka umrudishe akiwa chini ya inchi 54. Sasa yule ameondoka na chuma chenye ncha tatu tayani, kwa sababu fundi fulani aliona waya ni gharama.

Nyumbani niliishika skrubu ya nyuma. Niliizungusha kwa vidole viwili, bila koleo, ikatoka. Fupi hadi unaona aibu kwa niaba yake. Nikachukua msumeno nikakipasua chambo katikati kwa urefu. Waya? Waya gani. Mbao toka mwanzo mpaka mwisho, na donge la risasi la kukipa uzito.

Nikarudi dukani na vipande vyote viwili. Muuzaji yuleyule. Akavitazama vikiwa kaunta, hakuvigusa, akasema hawachukui bidhaa iliyokatwa na mteja. Nikamwambia nimekata ili uone usemi wako wa waya uko wapi. Akasema yeye hakumbuki kusema waya. Halafu akaongeza, na tabasamu lile la pembeni: "Labda huko kwenu mmezoea kuvuta kwa nguvu sana."

Huko kwetu! Ndugu yangu, huko kwetu sangara anaweza kupita kilo 100, anapandishwa kwa mikono kwenye mtumbwi unaoyumba, na ndoana inabaki kwenye kamba kwa sababu aliyeifunga anajua watoto wake wanakula nini. Nilimwambia hivyo. Watu wawili waliokuwa foleni nyuma yangu wakaanza kukagua vyambo vyao walivyoshika mkononi, na mmoja akavirudisha ukutani. Hiyo ndiyo fidia pekee niliyoondoka nayo. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia na nilipouliza mbuzi yuko wapi nikaambiwa gunia nimelitoboa mimi.

Kwa hiyo hukumu yangu: nyota moja. Msinunue vya mbao. Kama mnakwenda kwenye maji ya chai, chukueni cha visahani viwili vikubwa, vile vya namba kumi, vya shaba au chungwa, na manyoya meusi ya mkia wa kulungu. Kila kitu kimepangwa juu ya waya mmoja wa chuma, hakuna skrubu ya kuomba dua. Visahani hivyo vinapiga maji hadi unasikia mtikisiko kwenye kishikio cha fimbo, na maski anausikia kwa ule mstari wa ubavuni hata kabla ya kuona kitu. Kwenye maji yasiyoonekana vizuri, mtikisiko ni nusu ya kazi, pengine zaidi. Rangi inamsaidia kulenga akishakaribia. Maduka hayawaambii hivyo kwa sababu ukutani hakuna anayesikia mtikisiko, kuna wa kuona rangi tu.

Lakini ngoja. Nikiwa mkweli, hicho cha visahani ninacho muda mrefu na kimenipa samaki wa wastani, wa kushukuru. Yule wa jioni ile hakuwa wa wastani. Shemeji, ambaye kazi yake duniani ni kunipunguzia hesabu, alikiri mwenyewe kuwa hajawahi kuona kichwa cha namna ile karibu na boti. Na alikuja kwa cha mbao. Mbao ina namna yake ya kuelea ukiachia mshipi, inasita, inainua mkia polepole, plastiki ngumu haijui kufanya vile. Inawezekana ilikuwa bahati, mawingu, saa ya kula imefika. Shemeji anasema ndiyo hivyo. Mimi niliona lile tumbo la chungwa likigeuka na niliona samaki anageuka nalo.

Basi rangi naipa nyota tano. Mwendo, tano. Skrubu haipati kitu, na yule bwana wa kaunta ndiye ninayemdai nyota. Jumla itoke mbili? Tatu siwezi, mkono unakataa kuandika.

Na vile vipande viwili sijavitupa, viko dirishani. Kuna anayejua fundi anayechonga umbo hilihili, mgongo mweusi, ubavu wa shaba, tumbo la chungwa, lakini waya umepita kweli toka pua hadi mkia? Picha ya ndani kwanza, kabla ya kukipaka vanishi. Bei tutaelewana, hata ikivuka dola 60.