Meli ya mamilioni, mume wangu karudishwa mlangoni kwa sababu ya kanzu

Jamani anayepanga kwenda kruzi ya kifahari asome hii kwanza. Bei na ukubwa wa kebini na mabwawa mangapi hayo mtatafuta wenyewe, mitandao imejaa. Mimi nina jambo moja tu na limenikaa kooni mpaka leo, kwamba kwenye meli tuliyolipia pesa ya kununua kiwanja, mume wangu alizuiwa mlangoni mwa ukumbi wa chakula kwa sababu kavaa kanzu.

Na si kanzu ya kwendea sokoni. Kanzu ya ziki, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, koti jeusi juu, kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono Lamu, na viatu nilimlazimisha avae vya kufunga kamba ijapokuwa alitaka makubadhi yake. Kwetu Mombasa akiingia harusini vile anatafutiwa kiti cha mbele.

Nianze na kuchagua maana najua mtauliza. Watoto ndo waliotuchangia, na kila mmoja na kampuni yake, huyu Silversea, yule Regent, mwingine Seabourn, kila siku WhatsApp inalia. Ukichunguza unaona wakubwa ni wale wale, Silversea iko chini ya Royal Caribbean, Seabourn chini ya Carnival, Regent chini ya Norwegian, unamkimbia huyu unaangukia kwa binamu yake. Regent wanakuwekea hata matembezi ya bandarini ndani ya bei, hilo nililipenda. Crystal nikaiogopa, ilianguka 2022 wateja wakabaki wanafuatilia pesa zao, ikarudi 2023 na mwenye mali mpya, lakini mimi nikishaona mtu ameanguka mara moja simkopeshi. Tuliyopanda mwishowe jina sitaji, watoto wamenikataza, wanasema nitaletewa mawakili. Ni ya bei hizo hizo na sifa hizo hizo.

Kitu kimoja cha maana ambacho ejenti hakukitilia mkazo na mimi nikakishika, kama pasipoti yako ni ya Kenya angalia njia ya meli kabla hujaomba visa. Sisi tulipandia Piraeus, Ugiriki, tukaenda Kusadasi ambayo ni Uturuki, alafu meli inarudi tena visiwa vya Ugiriki. Hapo umetoka Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye visa moja, na kuingia tena, kwa hivyo visa ya kuingia mara moja haikufai, omba ya kuingia mara nyingi. Haya, nimemaliza msaada, narudi kwenye hasira zangu.

Usiku wa mavazi rasmi. Kwenye karatasi yao wameandika wanaume suti nyeusi na tai ya kipepeo, suti ya kawaida, au vazi la taifa lako. Limeandikwa! Tumefika mlangoni, kijana kasimama na tabasamu lake la kulipiwa, kamwangalia mzee kutoka kofiani mpaka viatuni, tabasamu likafa. Ati samahani bwana, mavazi ya chumbani hayaruhusiwi kwenye ukumbi huu, rudi ubadilishe. Mavazi ya chumbani! Yaani alidhani mume wangu katoka kuoga. Nikamwambia hili ni vazi letu rasmi, akanijibu kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto, kwamba wageni wengine wanahitaji kufurahia jioni yao. Nyuma yetu foleni imekuwa, watu wanaangalia zulia. Na wallahi sisemi uongo, wakati tumesimama hapo kapita Mskochi na sketi yake ya mirabaraba, magoti nje, akaambiwa karibu sana bwana, umependeza.

Mzee wangu hana makuu. Akanishika mkono akasema twende zetu bafe, huko kuna samaki. Akala akashiba, akarudi chumbani akalala fofofo. Mimi nimekaa barazani natazama bahari mpaka alfajiri, nimechemka. Kesho yake Efeso, ule mji wa kale karibu na Kusadasi, nimeifikisha miguu tu, ukiniuliza nimeona nini nitakwambia nguzo, jua na hasira, maana njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kwenda kuwaambia mapokezi.

Nikaenda. Binti wa mapokezi akaandika, akasema wanasikitika kwa usumbufu, watalishughulikia. Mkitaka kujua walilishughulikia vipi, jioni tumerudi chumbani tumekuta ndoo ya barafu na chupa ya shampeni ndani, na kadi, "kwa heshima yenu". Shampeni! Kwa watu walioandika kwenye fomu zao zote chakula cha halali, wasiletewe hata keki yenye pombe ndani! Hapo nilicheka jamani, nilicheka mpaka mzee akaogopa. Mtu anakutukana nguo alafu anakuomba radhi kwa pombe.

Kwa hivyo nyota moja. Hapo nilikuwa nimeshaamua, nyota moja na hiyo ni ya bahari, si yao.

Lakini niseme haki. Jikoni kulikuwa na mpishi Mwindonesia, Muislamu, sijui nani alimpa habari, alikuja mezani mwenyewe kesho yake, akamsalimia mzee salamu kamili, akasema kuanzia leo chakula chenu nasimamia mimi. Na alisimamia. Kondoo aliyetupikia usiku ule sijala tena mfano wake, na mimi si mtu wa kusifu vya watu. Santorini, ambako meli haifungi gati mnashushwa kwa boti ndogo, mabaharia walimshika mzee mkono kama baba yao, na goti lake lile bovu hakuhangaika hata kidogo. Mhudumu wetu wa chumba alijua chai yake inataka tangawizi bila kuambiwa mara mbili. Hao nawapa nyota tano, kila mmoja tano zake.

Alafu usiku wa mwisho wa mavazi rasmi mkubwa wa huduma akatualika mezani kwake, akasema haswa tunaomba bwana aje na vazi lile lile. Mzee akavaa, akapendeza, watu wakaja kupiga naye picha. Na yule kijana wa mlangoni yuko pale pale, anainama, umependeza bwana. Nikamtia jicho moja! Mzee ananiambia mama, samehe, kijana anatafuta riziki. Sawa anatafuta riziki, lakini ile karatasi ya mavazi hakuisoma? Na kama tusingelalamika tungealikwa? Wale wanaonyamaza wanakula bafe safari nzima. Kwa hivyo hata ile meza ya wakubwa mimi kooni ilinipita kwa shida, ijapokuwa sikuacha kitu sahanini.

Anayechagua sasa hivi, waandikie kabla ya kulipa. Waulize kanzu, waulize buibui kwenye bwawa, waulize halali inatakiwa kuombwa mapema kiasi gani, na majibu uyapate kwa imeli si kwa simu, uyachapishe uende nayo.

Wametuma punguzo la safari ijayo, linaisha karibuni. Mimi nataka kampuni nyingine, Viking, hawana usiku wa suti, hawana kasino, hawachukui watoto wa chini ya miaka 18, amani tupu. Mzee hataki kusikia. Anataka ile ile, na keshapeleka kanzu nyingine kwa fundi.