Nyumba za kupanga kando ya timbo la zamani, Nakuru

Bustani yenyewe inapendeza: lile shimo la mawe sasa lina miti, na watoto wana pa kuchezea. Lakini kagua kabla ya kulipa deposti. Udongo wa Nakuru ni majivu ya volkano. Mvua kubwa huula chini kwa chini, nyufa zikafunguka. Tazama sakafu na pembe za madirisha. Ufa unaoingiza ncha ya kidole? Achana na nyumba hiyo. Za ukingoni zina mandhari (na kodi yake!), ila uliza maji ya paa yanamwagwa wapi, kwani yakielekezwa shimoni, ukingo humomonyoka. Maji ya kisima yapimwe floridi (madini yanayoharibu meno yakizidi), isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuyachemsha hakuiondoi.