Kuhusu AC ya gari Dodoma: fundi anayetoa hewa kwanza, gesi baadaye

Nina IST, na safari zangu nyingi ni za Dodoma–Singida. Kwa jua la Oktoba kule Manyoni, watoto wakiwa siti ya nyuma, AC siyo anasa. Nimepata huduma nzuri kwenye gereji moja ndogo ya AC huku Kizota, baada ya gereji nyingine kunizungusha vya kutosha.

Wale wa kwanza walibadilisha paipu iliyokuwa inavuja. Ilikuwa Januari, mvua zimekolea, na mfumo ulilala wazi usiku kucha bila hata kitambaa cha kuziba. Asubuhi wakafunga, wakajaza gesi, wakachukua hela yao. Baridi ilikuja, tena kali, lakini ukitembea kidogo inageuka joto. Ukizima AC ukaiwasha baadaye, baridi inarudi. Nikiwafuata jibu ni lilelile: gesi imepungua, tuongeze.

Fundi wa Kizota aliposikia hivyo akasema, "Dada, humu kuna maji." Unyevu ulioingia unaganda kwenye valvu ya upanuzi, pale njia ya gesi inapokuwa nyembamba, unaiziba. Ukizima, barafu inayeyuka. Hewa nayo haigeuki kimiminika kama R134a, gesi ya AC. Inajibana kwenye kondensa, pale gesi inapopoozwa, presha inapanda, kompresa inachemka. Kibaya zaidi, unyevu, gesi na oili vikikutana na joto hutengeneza asidi inayokula vyuma kwa ndani. Alimimina oili ya kompresa kwenye chupa nikaiona: nyeusi, inanuka kuungua.

Alivuta gesi yote kwa mashine, akasafisha mfumo, akaweka oili na oringi (mipira ya kuziba maungio) mpya. Draya, ambayo kazi yake ni kunyonya unyevu, ilikuja na vizibo vyake, na hakuvigusa mpaka dakika ya kuifunga. Nilipenda sana hilo, maana ikiachwa wazi inanyonya unyevu wa hewani na kuchoka kabla ya kazi.

Kisha vakyumu, yaani kuvuta hewa yote itoke kwenye mfumo. Pampu iliunguruma karibu saa nzima. Presha ikishuka hivyo, maji huchemka bila moto yakatoka kama mvuke. Geji ya vakyumu ilisimama kwenye inchi 26 za zebaki hivi. Nikamuuliza mbona kwenye video wanafika 29. Akanieleza kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, hiyo 29 ni ya watu wa Dar. Akazima pampu, tukakaa kuangalia mshale kama utarudi, dalili ya kuvuja. Haukurudi. Ndipo akapima gesi kwa mizani, kufuata kibandiko cha chini ya boneti.

Bei imezidi ya kujaza gesi tu, na kivuli cha kusubiria hakuna. Pampu anayo moja, kwa hiyo mpigie mapema, na gari atabaki nalo nusu siku.