Uzoefu wangu: akwariamu ya matumbawe katika mji wa shaba

Konokono wa kwanza nilimkuta Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda misa. Alikuwa amelala chali juu ya mchanga, mguu umening'inia nje ya kombe kama ulimi. Nilimgusa kwa kijiti, hakurudi ndani. Konokono mzima ukimgusa hujikunja mara moja. Kufikia Jumanne walikuwa wamekufa saba kati ya kumi na wawili, uduvi wote wawili hawaonekani, na samaki wangu wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe wanaogelea huku na huku wakidai chakula kama vile hakuna msiba nyumbani.

Nitarudi kwa konokono. Kwanza nieleze nilinunua nini, maana mkiona picha wengi mnauliza bei tu.

Mwezi wa tano mwaka jana niliagiza kutoka Johannesburg seti ya akwariamu ya maji ya chumvi: kioo cha lita 200 na kabati lake, taa ya LED, pampu ya kurudisha maji, pampu mbili za mawimbi, hita ya wati 200, na skima, yaani kile chombo kinachotoa uchafu kwa njia ya povu. Ilifika hapa Lubumbashi, Kongo, kwa lori, ikipitia mpaka wa Kasumbalesa, bila hata ufa mmoja. Muuzaji, ambaye simtaji, alinihakikishia kwa simu: "Papa, kila kitu kimo. Wewe weka maji na chumvi tu." Nililipa dola 900 nikiamini nimemaliza. Leo nikipiga hesabu, zile 900 zilikuwa kama nusu ya safari.

Kioo sina neno nacho. Mishono yake ni safi na kabati halijavimba. Skima ilipiga kelele wiki ya kwanza mpaka mama watoto akaniuliza kama nimeleta kinu cha kusagia mahindi, kisha ikatulia, na sasa kila siku ya tatu namwaga kikombe cha maji meusi yanayonuka kama soko la samaki jioni. Taa ni nzuri kupita kiasi. Niliiwasha yote siku ya kwanza, na matumbawe laini ya aina ya uyoga yakajikunja na kupauka kwa siku nne. Matumbawe yanaishi na vimwani vidogo sana ndani ya mwili wake, ndivyo vinavyoyatengenezea sehemu kubwa ya chakula kwa kutumia mwanga. Mwanga ukizidi ghafla, vimwani vinafukuzwa na tumbawe linabaki jeupe. Nikashusha taa hadi asilimia 40, nikawa napandisha kidogo kidogo kila wiki. Karatasi ya maelekezo haikugusia jambo hilo hata kwa mstari mmoja.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni maji.

Muuzaji alisema maji ya bomba yanatosha ukiongeza chupa ya dawa ya kuondoa klorini. Nikafanya hivyo. Nikachanganya chumvi, kama gramu 35 kwa lita, nikapanga mawe, nikasubiri. Ndani ya wiki tatu mawe yalivaa utelezi wa kahawia, halafu yakaota mwani wa kijani mrefu kama nywele. Dawa ile inaondoa klorini, lakini haiondoi nitrati, fosfati wala madini yaliyopita kwenye mabomba. Nikaomba ushauri kwa kaka mmoja anayefuga samaki wa bahari kule Dar es Salaam. Akacheka. "Wewe uko Katanga, kaka, halafu unaweka maji ya bomba kwenye matumbawe?"

Alikuwa na haki. Mkoa wetu wenyewe uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Bomba la moshi na mlima wa masalia ya madini pale mjini ndiyo picha ya kwanza anayoiona mgeni. Na shaba ndiyo sumu ambayo wafugaji wa matumbawe wanaiogopa kuliko nyingine. Wanaofuga samaki tu, bila matumbawe, huitumia kama dawa ya ugonjwa wa vidoa vyeupe, kwa sababu samaki anavumilia kipimo ambacho kinaua vimelea. Kipimo hichohicho kinamaliza konokono, uduvi na matumbawe. Ajabu ni kwamba damu ya konokono wengi na uduvi inabeba oksijeni kwa kutumia shaba, jinsi yetu inavyotumia chuma. Wanaihitaji, ila kwa kiasi kidogo mno.

Basi nikamwaga yote, nikanunua mashine ya osmosisi, inayosafisha maji kwa kuyasukuma kwenye utando, yenye hatua nne: kichujio cha uchafu, kaboni, utando wenyewe, na mwishoni rezini, yaani chembechembe zinazonasa madini yaliyobaki. Hii ndiyo ninayoipa nyota tano, na haikuwamo ndani ya seti. Ina masharti yake, hata hivyo. Utando unataka msukumo wa baa kama 4, na kwetu maji yanatoka kwa unyonge hasa mchana, kwa hiyo niliongeza pampu ndogo ya kusukuma. Mashine imeandikwa lita 280 kwa siku. Mwezi wa sita na wa saba, maji yakiwa baridi, usitegemee kufika huko, maana baridi inapunguza kasi ya utando. Tena kwa kila lita moja safi, tatu zinamwagika. Hizo nazikinga kwenye pipa la nje kwa bustani ya lengalenga (mchicha). Nunua pia kile kipimo kidogo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji. Cha kwangu kilisoma 240 kwenye bomba, 7 baada ya utando, na sifuri baada ya rezini. Siku kikisoma 1 au 2 najua rezini inaelekea kuisha.

Nikaanza upya. Nikasubiri wiki sita bila samaki hata mmoja, nikipima amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu, mpaka zote zikawa sifuri. Hapa watu wa nyumbani walichoka nami. Mtoto wa jirani alikuwa anakuja kila jioni kutazama mawe ndani ya maji. Siku samaki walipofika, kwa ndege, ndani ya sanduku la frigolite (lile povu gumu jeupe) lenye mifuko ya oksijeni, aliwatazama kwa muda mrefu kisha akaniuliza kwa upole: "Papa, ile samaki mutakula siku gani?"

Sasa konokono.

Maji yakawa safi, sifuri kabisa, na bado walikufa. Nilipima amonia: hakuna. Chumvi: 35, sawasawa. Joto: 25. Nilikosa usingizi. Yule kaka wa Dar akanishauri niweke Poly-Filter, kipande cheupe kama sponji bapa ambacho hubadilika rangi kulingana na kinachonaswa. Nilikuwa nacho kimoja, kilikuja na mzigo wa chumvi. Nikakiweka mahali maji yanapopita kwa nguvu. Siku ya pili nikakitoa. Kilikuwa cha bluu. Si bluu ya kukisia, bluu kamili, kama jiwe la madini alilolitoa mtu wa mugodini mfukoni mwake. Na bluu maana yake shaba.

Shaba kutoka wapi, wakati maji yanapita kwenye mashine? Nilifuata njia yote kwa tochi, kutoka bombani mpaka kwenye kioo. Nikaikuta kwenye pipa la kuchanganyia chumvi. Miezi miwili kabla, fundi wa maji alinifungia robine (koki) chini ya pipa ili nisiwe nabeba ndoo. Mimi nilikuwa nimenunua ya plastiki. Akaigeuzageuza mkononi kama mtu aliyepewa mwanasesere. "Plastiki haina nguvu, Papa. Tuweke ya shaba. Hii utaachia wajukuu." Akaitoa mfukoni robine ya shaba ya manjano aliyoinunua soko la Kenya (Kenya yetu, ya komini, ndugu zangu wa Nairobi msishtuke). Ilikuwa nzuri, nzito, inang'aa. Nikakubali.

Nilipoifungua, ndani ilikuwa imeota kutu ya kijani mzingo mzima, unaikwangua kwa ukucha inatoka unga. Maji ya chumvi yalikuwa yanakaa pale siku mbili tatu kila wiki yakichanganyika, yakilamba shaba, halafu mimi kwa mikono yangu nayamimina kwa konokono.

Simlaumu fundi. Kwa maji ya kunywa ushauri wake ni mzuri. Ila kwa anayeanza, chukua neno hili: popote maji ya chumvi yanapogusa, kusiwe na shaba, shaba ya manjano, wala waya uliochubuka. Hata klipu ya kubania bomba, iangalie. Mimi nilibadilisha pipa zima, nikatupa mchanga, nikabadilisha maji nusu kwa nusu mara tatu, nikaweka CupriSorb, rezini ya kunasa shaba, na Poly-Filter mpya mpaka cha tatu kikatoka kahawia tu bila bluu. Miezi mitatu sikuleta mnyama yeyote mpya. Kundi la pili la konokono lina miezi mitano sasa na halijapungua.

Kuhusu umeme, nitasema kifupi kwa sababu kila mtu wa hapa anajua habari ya delestaji, yaani mgao wa umeme. Kinachoua kwanza umeme ukikatika ni kukosa hewa, baridi hufuata baadaye. Maji ya chumvi yenye uvuguvugu hayashiki oksijeni nyingi, na sisi tuko mita kama 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo hata hewa yenyewe ni nyepesi kidogo. Pampu ya hewa ya batri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukiondoka, ilinigharimu dola 35 na imeniokoa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote chumbani. Baadaye niliongeza batri kubwa na paneli ya jua, zinaendesha pampu moja ya mawimbi usiku mzima. Hita sijaiunganisha huko, inakula batri yote. Mwezi wa saba, usiku unaposhuka chini ya digrii 10, navisha kioo blanketi mbili na kitenge juu. Usiku mmoja wa masaa tisa mfululizo bila umeme joto lilishuka kutoka 25 hadi 22, na hakuna aliyekufa. Bila blanketi nisingethubutu.

Kiangazi kina jambo lingine. Hewa inakauka, na kioo changu kinapoteza lita mbili hadi tatu kila siku. Maji yanaondoka, chumvi inabaki, kwa hiyo unajaza kwa maji matamu yaliyochujwa. Nilisafiri kwenda Kolwezi siku tano nikamwachia mdogo wangu kazi hiyo. Akawaza kwa mantiki yake: samaki wa chumvi, maji ya chumvi. Nilirudi nikapima, chumvi imepanda kupita kiasi. Matumbawe yamefunga yote. Nilishusha polepole kwa siku tatu, yakafunguka. Sasa madumu yana maandishi makubwa, na la maji matamu nimelifunga kitambaa chekundu.

Wengi mmeuliza kama mnaweza kuleta matumbawe magumu, yale yenye matawi. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha 2 cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yanataka vibali vya nchi yanakotoka, na bila hivyo usijaribu. Mimi nimebaki na yale laini: uyoga, Xenia inayofumba na kufumbua kama kiganja, na zoanthidi za kijani. Hizo zoanthidi vaa glavu kuzishika, usizichemshe, usiyasugue mawe yake kwa brashi nje ya maji. Baadhi zina palitoksini, sumu kali sana, na nyumba yenye watoto si mahali pa kuijaribu.

Chumvi: ndoo ya kilo 20 inanitosha miezi mitano nikibadilisha lita 25 kila Jumamosi. Dereva aliyeniletea ya pili alinisimulia walivyomcheka mpakani alipotaja bei. Chumvi ya dola 95, na haifai hata kwa ugali. Mjomba wangu wa Moba naye hanielewi. Anasema wazungu wanalipa pesa nyingi kupata samaki wa Ziwa Tanganyika wanaotoka mbele ya mlango wake, mimi nalipa kuleta wa bahari ya mbali. Sina jibu la kumpa. Wa Tanganyika wangekuwa rahisi zaidi, na pengine kioo cha pili kitakuwa chao.

Kwa hiyo, je, ningenunua tena seti ile? Kioo na skima, ndiyo. Taa ndiyo, ikiwa nusu mwanga. Kwa muuzaji yule, hapana, kwa sababu ya lile neno lake "weka maji tu". Anayeanza na pesa kidogo anunue mashine ya osmosisi, kipimo cha TDS, refraktomita (ya kupima chumvi) na pampu ya hewa ya batri kabla hajachagua kioo.

Fundi alirudi mwezi uliopita kurekebisha choo. Nikamwonyesha ile robine na kile kipande cha bluu, nilikihifadhi kwenye mfuko. Akavitazama vyote viwili, akainama, akachukua robine, akaisugua kwa suruali yake. "Lakini hii ingali nzima, Papa." Akatoka nayo, akaifunga kwenye lile pipa la nje. Lengalenga zinanyweshwa nayo mpaka leo, na haivuji hata tone.